Duka la Vitabu la Barabara ya Nkrumah: Uadilifu wa Muuzaji na Rafu ya Maadili

Mwalimu au mzazi wa Kampala anayetafuta fasihi ya Kiswahili atafanya vyema kupanda ngazi hadi duka dogo lililo ghorofani katika Barabara ya Nkrumah, juu ya wauza karatasi na wino. Duka halina kibao. Wateja hulijua kama kwa Hajati. Nimekuwa nikinunua vitabu vya darasani huko kwa muda mrefu, na ninalisifu kwa moyo mmoja, ila nina hoja moja nzito kuhusu namna vitabu vyake vya maadili vinavyochaguliwa.

Baada ya Baraza la Mawaziri kuamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, wazazi wengi wamejikuta wakitafuta vitabu ambavyo wao wenyewe hawakuwahi kuvisoma, na bei huwashtua. Hapo ndipo vitabu vya fotokopi hupata soko. Nilikuwapo siku mzazi mmoja alipoomba nakala ya aina hiyo. "Hiyo siuzi, baba," Hajati akamjibu, "lakini keti kidogo tuzungumze." Akatoa kwenye mtoto wa meza nakala moja ya fotokopi aliyoletewa na mteja, akaifungua kando ya kitabu halisi: maneno ya mwisho wa mistari yamekatwa, na wino umefifia kiasi kwamba jina la mhusika halisomeki. Kisha akamweleza kwamba aliyekiandika naye ana watoto wanaosoma. Hakumtajia sheria, ingawa ipo: Sheria ya Hakimiliki ya 2006 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Badala yake alimpa nakala iliyotumika, akaandika amana katika daftari, na kumwahidi kumrudishia sehemu kubwa ya fedha hizo muhula ukiisha.

Uaminifu huo huonekana pia ndani ya majalada. Kila kitabu cha mitumba kina bei kwa penseli, na chini yake kasoro zake zimeandikwa kwa mkono uleule: "uk. 43 hadi 46 hazipo". Mnunuzi asiye na haraka angeweza kuyagundua hayo mwenyewe, lakini Hajati hamwachii kazi hiyo. Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha mwanafunzi maana ya uadilifu kuliko kumtuma dukani humo na orodha ya vitabu.

Hoja yangu inahusu rafu iliyobandikwa kadi yenye neno "Maadili". Humo zimo hadithi ambazo mwema hutuzwa na mwovu huadhibiwa, basi. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, imewekwa humo kwa sababu hiyo, na majina ya ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, huwafanya wasomaji wengi wadhani hukumu imekwisha kutolewa. Lakini Adili huwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, huku akiwalilia, kwa kuwa ameamriwa na jini. Je, mtu mwema atii amri ya kikatili hadi lini? Swali hilo limo kitabuni, na mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba wivu ni mbaya atalipita bila kuliona.

*Wimbo wa Lawino*, shairi refu la Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, haumo kabisa katika rafu hiyo. Lawino anatetea mila za Waacholi mbele ya mumewe Ocol anayezidharau, na ana haki ya kuumia. Hata hivyo anamsimanga Clementine, mpenzi wa Ocol na mwanamke mwenzake, kwa maneno makali mno. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kutukana? Wanafunzi wangu hubishana juu ya jambo hilo hadi kengele inapolia, kwa sababu wamewasikia akina Lawino na akina Ocol nyumbani kwao.

Nilimweleza Hajati hayo. "Mwalimu," akasema, "mzazi anataka kitabu ambacho mbaya anaadhibiwa. Nikimpa Lawino atanirudishia kesho." Ninaelewa hofu yake, lakini sikubaliani naye. Mzazi aliyetaka fotokopi naye alikuwa na lake alilolitaka. Hajati hakumpa, alimketisha akamweleza, na mzazi akaelewa. Subira hiyohiyo ingetosha kwa Lawino.

Mengine ni madogo. Ngazi ni nyembamba, vitabu vipya kutoka Nairobi na Dar es Salaam ni ghali kwa sababu ya usafirishaji, na Ijumaa duka hufungwa wakati wa swala. Malipo kwa simu yanakubaliwa. Anayemtaka Lawino atazame chini ya dirisha, kwenye rafu ya mashairi, na aende mapema muhula unapoanza, kwani nakala huwa chache.