Duka la nafaka Tandale, kilo ni kilo kweli

Wadau, kama unakaa Sinza, Magomeni au Manzese na unga unakumaliza hela, nenda soko la Tandale hapa Dar, upande wa nafaka. Kuna duka moja nanunua mwaka wa 2 sasa, jamaa anapima kwa mizani mbele yako, hana mambo ya kupimia kopo la sado lililobonyezwa chini. Anauza hadi robo kilo ya maharage na hilo kwangu ndo kubwa, maana mama anayefua nguo za watu hana hela ya gunia, akienda genge la mtaani anauziwa kidogo kidogo kwa bei ya juu kuliko mwenye gari anayejaza stoo, inauma sana hii. Dona ya mahindi ya Sumbawanga unaishika bado ina joto la mashine.

Ila masika barabara zikiharibika malori yanachelewa na bei inapanda, wakati mkulima alishauza lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) kwa bei ya kutupa kipindi cha mavuno kwa vile anadaiwa mbolea na hela ya shule. Kuna siku mchele ulikuwa na chenga nyingi, nikarudisha, akabadilisha bila maneno. Jumamosi foleni, wahi asubuhi.