Taa za paneli za LED: nimeng'oa mabakuli yote ya mzee, haya ndo niliyoyaona

Nyumba yetu ipo Shangani hapa Mtwara, aliijenga mzee zamani na taa alizofunga ndo zilikuwepo mpaka juzi, yale mabakuli ya kioo yanayobanwa darini kwa skrubu tatu, kila bakuli glopu mbili ndani. Matano yalikuwa yamejaa wadudu waliokufa, yaani ukiwasha unaona kivuli cha kumbikumbi kwanza ndo unaona mwanga. La sita glopu zake zilishaungua tukaacha hivyo hivyo. Jikoni kulikuwa na tyubulaiti, hiyo nayo mpaka uipige swichi mara tatu ikupepesie weee ndo iwake.

Basi hela ya korosho ilipoingia nikasema safari hii haiishi kwenye harusi za watu. Nikaenda duka moja la vifaa vya umeme maeneo ya sokoni, nikamwambia jamaa nataka taa za kisasa za juu. Akaniuliza, "Kaka, siling yako jipsam au bodi? Na unataka za kuchimbia au za kubandika?" Hapo nikamuamini, maana duka la kwanza nililopita walinipa tu boksi wakataka hela. Za kuchimbia zinataka utoboe tundu kubwa na juu pawe na nafasi, sasa siling yetu ni bodi ya zamani ukiigusa vibaya inameguka, nikachukua za kubandika. Za duara wati 18 tano kwa elfu 12 moja, na za mraba wati 24 mbili za sebuleni, elfu 18 moja. Jumla 96,000, akaniachia kwa 90,000 na kila moja aliichomeka pale pale kaunta nikaiona inawaka kabla hajafunga boksi.

Kuna kitu alinionesha kwenye boksi ambacho mi nisingekisoma kabisa. Taa mbili zinafanana sura, moja imeandikwa 220-240V nyingine 85-265V. Akasema chukua hii ya pili, umeme ukishuka jioni hii bado inakwenda, ile nyingine itakuwa inazimika na kuwaka. Bei ilizidi elfu mbili tu. Na kweli, juzi feni ilikuwa inazunguka kama imechoka lakini taa zimetulia tuli.

Sasa kosa langu la kwanza, sikupima. Bakuli lilipotoka siling imebaki na pete nyeupe, pembeni pote pamefubaa kwa miaka yote ile, na taa ya duara ya wati 18 ni ndogo kuliko ile pete. Vyumbani zinaonekana kama sahani ndogo juu ya sinia. Sebuleni nilibahatisha tu, za mraba zimefunika. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani panda juu ya kiti upime alama, la sivyo uandae na rangi ya siling, mi mpaka leo sijapaka.

Fundi alikuja Jumamosi, kijana mpole, akaamkia shikamoo mama, akaenda moja kwa moja kuzima meni swichi, kisha akashika tesita akahakikisha. Nilimpenda kwa hilo. Skrubu za zamani zilikuwa zimekula kutu zote, chumvi ya bahari huku haina mchezo, mbili ilibidi azikate, na bakuli moja likadondoka likavunjika. Ila cha kutisha kilikuwa nyaya. Zile glopu za wati 60 zimefungiwa ndani ya kioo miaka na miaka, joto limekaanga mpira wa waya mpaka ukiushika unapukutika kama biskuti. Vyumba viwili waya mwekundu ulikuwa uchi kabisa, umebaki kupakana na mweusi. Akakata kurudi nyuma mpaka sehemu nzima, palipokuwa pafupi akaunga kipande kipya cha waya wa unene wa 1.5 mm² kwa konekta. Yaani tungebadilisha glopu tu tukaendelea na maisha, sijui. Saba zote alichaji 35,000, elfu tano kwa taa.

Usiku tumewasha, raha. Halafu tumezima chumba cha mama, taa inabaki na mwanga hafifu kama macho ya paka. Mama akasema hiyo taa ina lake jambo, hawezi kulala nayo. Nikapiga simu dukani nikiwa na hasira nikijua nimeuziwa feki, jamaa akacheka akaniambia mwite fundi aangalie swichi. Kumbe aliyefanya wayaringi enzi hizo alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), kwa hiyo ukizima laivu bado ipo pale juu kwenye taa, glopu ya zamani haioneshi ila LED inaonesha. Hii ni hatari hata kwa mtu anayebadilisha glopu akijua kazima. Fundi akarekebisha, hakuchukua hela.

Lawama yangu kwa taa zenyewe: moja ya korido wiki ya tatu ilianza kupepesa. Draiva, kile kiboksi kidogo cha nyuma, imekufa. Nilikuwa nimetunza boksi na risiti, jamaa akabadilisha bila maneno, ila moja kati ya saba kwa wiki tatu si sifa nzuri. Na rangi. Zote nilichukua nyeupe kwa kuwa dukani zilipendeza, mama kukaa sebuleni dakika tano akaniuliza, "Mwanangu, umenilaza Ligula?" Na kweli palikuwa kama wodi ya hospitali hiyo. Nikarudi kuongeza hela nikachukua zile za rangi tatu, ukizima na kuwasha haraka inageuka nyeupe, ya katikati, au ya njano. Mama anakaa na ya njano, mi nikiwa nasahihisha madaftari nageuza nyeupe, tunagombania swichi.

Umeme ndo umenifurahisha zaidi. Sebule peke yake ilikuwa na glopu nne za wati 60, masaa matano kila usiku ni kama uniti 36 kwa mwezi. Sasa ni wati 48, uniti saba na kidogo. Sisi tuko kwenye tarifu ile ya uniti 75 kwa mwezi, ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, na tulikuwa kila mwezi tunaikaribia kuivuka tukibaki kuzimiana taa. Sasa naweza hata kupiga pasi bila kuhesabu.

Duka nawapa nne kati ya tano, fundi tano, taa tatu na nusu. Barazani hizi msifunge, hazijazibwa, chumvi na wadudu watazimaliza, pale bado natafuta ya kufunikwa vizuri mwenye nayo aniambie. Na mabakuli manne bado mazima, anayeyataka aje achukue bure. La tano mama kashaliosha, anawekea malimau.