Spika za studio zinavuma: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Zima spika, chomoa kebo ya sauti nyuma yake, ubakize waya wa umeme peke yake, kisha uwashe. Ikinyamaza, spika ni nzima na ugonjwa unaingilia kwenye kebo. Ikiendelea kuvuma vilevile, tatizo limo ndani ya kasha, na kebo yoyote utakayonunua umeitupa hela. Ule mchirizo mwembamba wa "ssss" unaousikia ukitega sikio karibu na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) si mvumo. Ni kawaida ya amplifaya, uache.

Kwa wengi spika hunyamaza, na mkosaji huwa kitanzi cha erthi. Kompyuta imeunganishwa na erthi kwenye soketi yake, spika nayo kwenye yake, halafu ganda la kebo ya sauti linaziunganisha tena. Mkondo mdogo wa umeme unapata njia ya kuzunguka humo, na pale umeme ni wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) unasikia "mmmm" nzito ya hezi 50 na vizidishe vyake. Kwa hiyo chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Kama unatumia laptopu, chomoa chaja yake usikilize. Hatua hizo mbili za bure huwamalizia kazi watu wengi. Zisipotosha, ndipo twende dukani.

Namba moja: kebo za balansi

Ni za bei rahisi kuliko vingine vyote hapa, na ndizo ningenunua kwanza hata kama mvumo ni mdogo. Ndani yake mna nyaya mbili za sauti, moja ikibeba ishara na nyingine ikibeba kinyume chake, na ganda la kuzikinga. Spika hupima tofauti kati ya hizo mbili. Kelele iliyoziingia zote kwa kiasi sawa inajifuta yenyewe. Ukichagua jeki, hakikisha ina mistari miwili myeusi kwenye ncha. Yenye mstari mmoja ni ya gitaa, na wauzaji huzichanganya bila haya. XLR yenye pini tatu inafanya kazi ileile, tena haichomoki ovyo.

Ila kuna sharti: upande wa kadi ya sauti (chombo kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye spika) nao uwe na matundu ya balansi. Kama chombo chako kina RCA tu (matundu ya mviringo yasiyo ya balansi, kama ya redio na deki), tafuta kebo ya RCA kwenda XLR iliyotengenezwa kwa waya wa nyaya mbili na ganda, ambayo pini ya 3 (ya ishara ya kinyume) inapita kwa waya wake mwenyewe na kukutana na ganda kule kwenye RCA tu. Kebo nyingi za dukani huziunganisha pini ya 1 (ya ganda) na ya 3 papo hapo kwenye XLR, na faida yote inapotea. Fundi mwenye lihamu atakutengenezea nzuri kwa dakika chache.

Namba mbili: kisanduku cha transfoma

Hiki kinakaa katikati ya kebo. Sauti inavuka kwa sumaku, nyaya hazigusani, kitanzi kinakatika. Hakihitaji umeme. Ningekiweka namba moja kama si udhaifu wa vile vya bei ya chini: transfoma ndogo hushindwa kubeba besi nzito, inaanza kuchakaza sauti za chini hasa ukipandisha kiwango. Kwa anayechanganya muziki, hilo ni kosa lisilosameheka, maana utarekebisha besi isiyo na kasoro. Soma vipimo vyake: kitaje hezi 20 na kiwango cha sauti kilichopimiwa hapo. Kisipotaja, kirudishe rafuni. Na usikiweke juu ya adapta ya umeme, kitanasa mvumo mpya.

Namba tatu: kitenganishi cha USB

Hiki ni cha ugonjwa mmoja tu: mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi au ukifungua programu nzito. Huo unatoka kwenye kompyuta na kupita kwenye waya wa USB. Vingi vya bei nafuu vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, ilhali kadi nyingi za sauti za leo zinataka 480, kwa hiyo kadi inaweza kukataa kabisa kutambuliwa. Angalia pia kama kinatoa umeme wa kutosha kuiwasha.

Kama mvumo umo ndani ya spika

Hapa unanunua kapasita. Kazi yake ni kulainisha umeme wa pawasaplai, ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika ndani ya spika. Zikikauka kwa miaka na joto, mvumo wa hezi 100 unapenya hadi kwenye koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka kutoa sauti). Ishara ni kichwa kilichovimba au majimaji chini, ingawa nyingine hufa zikiwa na sura nzuri. Nunua zenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme) zilezile, volti zilezile au zaidi, na za nyuzi 105 badala ya 85, kwani nyuma ya spika hakuna hewa. Upana na urefu upime kwanza, nisije nikakuponza kama nilivyojiponza: nilileta kapasita bora ambazo kifuniko kiligoma kufunga juu yake.

Kama hujazoea kazi hii, mpe fundi. Pawasaplai za kisasa zina kapasita moja kubwa inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Na kama ni transfoma yenyewe inayotetemeka, mlio ukitoka kwenye kasha na si kwenye koni, kapasita mpya hazitasaidia.

Mkiani: kisafisha umeme

Nilinunua kimoja, kizito, chenye taa za kupendeza. Mvumo ukabaki palepale, kwa sababu kitanzi cha erthi hakimo kwenye uchafu wa umeme. Kinachofaa humo ni soketi zake nyingi za kuchomekea vyote mahali pamoja, na hiyo ni kazi ya ekstensheni.

Kuhusu ushauri wa kukata pini ya erthi kwenye plagi: mvumo utakoma kweli, na siku waya wa ndani utakapogusa chuma, kinga pekee itakuwa mwili wako.