Jiliwa la kufungia nzi: kagua meno kabla hujatoa hela

Malalamiko yanayonifikia kuhusu majiliwa ya bei nafuu, yale yanayoshika ndoana kwa meno yake unapoizungushia uzi na manyoya kutengeneza nzi (chambo bandia cha kuvulia samaki), ni yaleyale. "Uzi wangu unalegea." "Kichwa cha nzi kinakaa upande." "Nimebadilisha nta, nimebadilisha bobini, bado tu." Huwa naomba picha ya jiliwa lenyewe, imepigwa kwa karibu na taa ikiwa nyuma yake. Hapo ndipo mchawi anapoonekana: meno yamekazwa hadi mwisho, na bado nchani panapenya mwanga.

Kwa hiyo leo sigusi rangi, begi la kubebea, wala urefu wa nguzo. Hayo kila tangazo linayaimba. Kisichotajwa ni mahali meno yanapokutana.

Jiliwa zuri hubana kuanzia nchani. Lile bovu meno yake hugusana nyuma kwanza, na mbele yakabaki wazi kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni bila taa. Ukiweka ndoana ya namba 4 hutagundua kitu, kwa sababu waya wake ni mnene na unajaza ule uwazi. Weka namba 18 sasa (kwa wageni: namba ikipanda, ndoana inapungua). Unazungusha uzi, unavuta kukaza manyoya, na ndoana inainamisha kichwa kama mtu anayesinzia. Imeshuka kidogo tu, lakini mizunguko yote uliyokwisha kuikaza imelegea. Wewe unalaumu uzi.

Halafu unakaza zaidi, na hapo hasara ya pili inaanza. Chuma laini kinachimbika na kuacha mfereji wenye umbo la ndoana ya jana, na ndoana ya leo inateleza kuufuata. Ukizidi kukaza, waya wa ndoana unaumia kwenye kipindo, palepale pabaya kuliko pote. Itakatika majini samaki akigeuka, na lawama atabebeshwa mtengenezaji wa ndoana.

Kulipima jiliwa hakuchukui muda. Funga meno yakiwa matupu, yaelekeze kwenye taa, tazama ncha. Kisha bana kipande cha karatasi nyembamba kwa ncha peke yake, uvute: kikichomoka kirahisi, jiliwa hilo liache. Halafu weka ndoana ndogo na uipige tundu lake kwa ukucha. Iliyobanwa sawasawa hulia "ting" kavu; iliyobanwa vibaya hutoa "tup" na kunyamaza. Mwisho kandamiza tundu hilo kwa kidole gumba. Ndoana inatakiwa ipindike kabla ya kuteleza. Utapoteza ndoana moja, si kitu.

Sasa niyapange majiliwa yenyewe kwa nafasi. Ya kwanza ni Peak Rotary, ya Colorado, Marekani, na upendeleo wangu siufichi. Meno yake ni ya chuma kilichogumishwa vizuri, ncha zinakutana, na kitako chake ni kizito kiasi kwamba ukivuta uzi meza ndiyo inayolalamika. Kinachonifunga kwake hasa ni kwamba meno yanauzwa peke yake, yakiwemo membamba ya ndoana ndogo kabisa. Yakichoka, unabadilisha meno, hununui jiliwa jipya. Ndiyo, yapo majiliwa ya bei ya chini kuliko hilo. Bado nasema subiri, dunduliza, ununue hilo.

Ya pili ni Danvise, ya Denmark. Watu hulidharau kwa sababu mwili wake ni wa plastiki ngumu. Mwili wacha uwe wa plastiki, meno ni ya chuma, na linazunguka kikweli: shina la ndoana linakaa kwenye mhimili, kwa hiyo ukizungusha mkono, ndoana inajizungusha palepale ilipo na unyoya unajiviringisha wenyewe. Ncha zake ni butu kidogo, hivyo kwenye ndoana ndogo sana vidole vinakosa nafasi. Kwa bajeti finyu, hili ndilo.

Ya tatu ni Renzetti Traveler, ya Florida. Ni jepesi, limechongwa kwa ustadi, na linafaa sana kwa msafiri. Linakuja la tatu kwa sababu ya bei tu. Regal, lile unalobana mpini ili meno yafunguke na springi ikafanya kazi yake yenyewe, halina kabisa ugonjwa ninaousema hapa. Ila bei yake haingii kwenye mazungumzo ya leo.

Zile nakala zisizo na jina za jiliwa la zamani la Thompson A, zenye mpini nyuma unaovuta meno ndani ya bomba hadi yabane: ukipata moja iliyonyooka, shukuru. Kwa nzi wakubwa zitakusaidia. Sina zaidi ya kusema.

Nina zaidi ya kusema kuhusu wauzaji. Nani aliwafundisha kupiga picha jiliwa likiwa limebana ndoana kubwa kuliko kidole? Wanajua wanachoficha. Wakiandika "linazunguka," uliza ni nini kinachozunguka, maana yapo majiliwa ambayo ukiyazungusha ndoana inachora duara hewani, huku unyoya ukikukimbia. Na zile seti za wanaoanza, zenye mkasi, sindano na manyoya yaliyopauka! Bei inapandishwa na vikorokoro, wakati meno ni yaleyale ya chuma laini. Ukiuliza meno ya akiba, unajibiwa kwamba agizo la mizigo mingine liko njiani.

Kwa aliyekwisha nunua na ufa anauona: usipige msasa ncha, utaupanua. Kunja msasa laini wa namba 600, uso wenye chenga ukiwa nje pande zote mbili, uupitishe sehemu ya nyuma panapogusana kwanza. Sugua kidogo, futa vumbi, funga, tazama kwenye taa, rudia. Ncha zikianza kukutana, acha hapohapo.