Tahadhari: "seti kamili" ya meza ya modeli inayouzwa mtandaoni

Mnaounda modeli za plastiki (ndege, magari na meli ndogo za kuunganisha), kuweni macho na tangazo la "seti kamili ya meza": brashi ya hewa (ya kupulizia rangi), kompresa ya kuipa hewa, sanduku la kupulizia rangi, gundi, thina, mkeka wa kukatia na koleo, vyote kwa bei moja. Muuzaji hakubali kuuza kimoja kimoja, na pesa anataka zitumwe mapema kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mkeka na koleo havina neno. Tatizo ni vilivyobaki.

Kibaya zaidi ni thina. Chupa ina lebo ya thina ya akriliki (rangi inayochanganyika na maji), kumbe ndani ni ile ya rangi za magari. Ukifuta modeli kwa thina hiyo, polistireni, yaani plastiki ya modeli, inalainika, mistari iliyochongwa inafutika, na hapo msasa hausaidii tena. Kuipima, tia matone yake machache kwenye maji, ndani ya glasi ambayo hutainywea tena. Thina ya akriliki, mfano X-20A ya Tamiya, huchanganyika na maji. Ya magari huyafanya yawe meupe kama maziwa, kisha hupanda juu.

Gundi ijaribu kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Gundi ya polistireni huyeyusha plastiki ikashikana. Ikikauka ikawa ganda unaloweza kulibandua kwa ukucha, ni gundi ya karatasi tu.

Picha inaonyesha kompresa yenye tangi la lita 3. Inayofika ni ya kuchaji, inayofungwa chini ya brashi. Haina tangi, haina kidhibiti cha presha, haina kichujio cha unyevu. Hewa inatoka kwa kudunda, na kwa unyevunyevu wa Pwani matone ya maji yanaishia kwenye rangi. Sindano ya milimita 0.3 inataka presha ya bar 1 hadi 1.5 isiyoyumba.

Sanduku nalo lina feni dhaifu na sifongo, bila bomba la kutolea hewa dirishani. Sifongo inanasa vumbi la rangi. Mvuke wa thina unapita na kurudi chumbani. Barakoa ya vumbi haiuzuii, ni ya kaboni tu inayoweza.

Kabla ya kulipa, dai video ya kompresa ikiwa imewashwa, brashi imebonyezwa dakika nzima, mshale wa geji ya presha ukionekana. Akianza visingizio, achana naye. Mkeka wa A3 tafuta kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, na kompresa iwe ya mwisho kununuliwa. Modeli za kwanza zinapakwa vizuri tu kwa brashi ya mkono.