Kimya cha simu: kitufe kipi kinanyamazisha nini

Simu ya leo ina kimya cha aina kadhaa, lakini wengi wetu tunatumia kimoja tu: kubonyeza kitufe cha pembeni mpaka alama ya kengele ikatwe mstari. Bahati mbaya, hicho ndicho kimya dhaifu kuliko vyote.

Kwenye Android, sauti zimegawanywa. Mlio wa simu, media (muziki na video), kengele ya kuamka na sauti ya mazungumzo, kila moja ina mstari wake. Ukiweka Kimya, mlio na arifa vinanyamaza, ila media inabaki pale pale ilipokuwa. Mtu anakaa kikaoni akiamini amezima kila kitu, anafungua ujumbe mmoja, na video inaanza kupiga kelele. iPhone nayo ni hivyo hivyo: ikiwa kwenye kimya, muziki na video unazozifungua mwenyewe bado hutoka kwa spika. Kabla ya kikao, kwenye Android, bonyeza kitufe cha sauti, fungua mistari yote kwa alama iliyo kando ya mstari unaotokea kwenye skrini, kisha shusha na wa media. Kazi ya sekunde tano.

Mtetemo haustahili kuitwa kimya. Simu ikilazwa juu ya meza ya mbao au ya kioo, ubao mzima unatetemeka nayo, na watu wa upande wa pili wa meza wanasikia kabla yako. Iweke mfukoni, au juu ya daftari au kitambaa.

Kinachofaa kweli ni Usinisumbue (Do Not Disturb). Hiki kimebuniwa na mtu aliyefikiria usiku wa manane, kwa sababu kinaruhusu walengwa: unachagua nani apite, mfano anwani ulizoziwekea nyota, na wengine wote wanasubiri. Kinapangiwa pia saa za kuanza na kuisha, kwa hiyo hakuna kusahau kukizima asubuhi. Ndani yake kuna kipengele cha wanaorudia kupiga. Kwenye Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Mwenye mgonjwa nyumbani akiwashe. Anayesumbuliwa na wapigaji wang'ang'anizi akizime, maana nao wanarudia, na watapita kwa mlango huohuo.

Kasoro yake iko kwenye kengele ya kuamka. Kwa kawaida kengele hupita, lakini kwenye Android ruhusa yake ni swichi ya kuzimika kama nyingine, na matoleo ya Android yaliyokuwa na chaguo la kimya kabisa yalizima hata kengele. Kwa hiyo usiiamini siku ya safari. Weka kengele ilie baada ya dakika mbili ukiwa umewasha Usinisumbue, usikie mwenyewe. Na uangalie mstari wa kengele haujashushwa hadi sifuri, kwani hapo hakuna ruhusa itakayosaidia.

Kunyamazisha kundi la WhatsApp ni jambo jingine. Unachagua saa 8, wiki 1 au daima, na wanakundi hawapati taarifa yoyote kwamba umewanyamazisha, kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya. Ujumbe unaendelea kuingia kama kawaida, haulii tu. Ila ukitajwa kwa jina au mtu akijibu ujumbe wako, arifa inaweza kukufikia licha ya hayo. Kwa maoni yetu hilo ni jema, ingawa kundi lenye tabia ya kutajataja watu litakuchosha.

Simu inapoita mahali pabaya, usiikate. Bonyeza kitufe cha sauti mara moja: mlio unazimika, na anayepiga anaendelea kusikia inaita, hajui lolote.

Kwenye mikutano ya video, kimya kina tabaka mbili, na hapo ndipo muda mwingi unapopotea. Maikrofoni inaweza kuzimwa ndani ya programu, na pia kwa kitufe kilichopo kwenye waya au kikombe cha hedfoni. Ikizimwa kwenye hedfoni, programu huenda ikaendelea kuonyesha iko wazi. Unaongea, midomo inacheza, hakuna anayesikia. Kagua hedfoni kwanza, kisha programu. Kwenye Zoom ya kompyuta, ukiwa umezima maikrofoni, shikilia kitufe cha nafasi (spacebar) unapoongea na ukiachie ukimaliza; hufanya kazi pale tu dirisha la Zoom likiwa ndilo lililo mbele, basi ukiwa umehamia kwenye waraka mwingine utaongeza nafasi tupu kwenye maandishi yako. Wawili wakiwa chumba kimoja na vifaa viwili, kuzima maikrofoni moja hakutoshi kuondoa mwangwi: spika ya kifaa hicho nayo izimwe, kwa sababu sauti yake ndiyo inayoingia kwenye maikrofoni ya jirani.