Nzi na vyambo bandia vya kuvulia perege katika maji maangavu: tathmini ya vinavyouzwa Nairobi

Anayeingia katika duka la vifaa vya uvuvi hapa Nairobi akitafuta kitu cha kumnasa perege wa ziwa lenye maji maangavu hupokewa na ukuta mzima wa vyambo vinavyong'aa: samaki wa plastiki wenye macho makubwa, vijiko vya bati vya rangi ya dhahabu, minyoo ya mpira ya waridi na ya kijani kibichi. Vingi kati ya hivyo vilibuniwa kwa ajili ya samaki wenye vinywa vipana wanaowinda samaki wenzao, kama besi mweusi aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Perege ni samaki wa tabia nyingine kabisa. Kinywa chake ni kidogo, hula mwani, majani, masalia ya chini ya maji na mabuu ya wadudu, na pale ambapo maji yanaruhusu jicho kuona mita kadhaa chini, hupata muda wa kukikagua kila anacholetewa. Kwa sababu hiyo vitu vyote nimevipima kwa kigezo kimoja, yaani kama vinafanana na chakula ambacho samaki huyu amezoea kukila.

Kwa kigezo hicho, bidhaa bora zaidi madukani ndiyo isiyopewa nafasi ukutani. Hukaa katika visanduku vidogo chini ya kioo cha kaunta, nayo ni nzi wa kuzama, yaani ndoano ndogo zilizofungwa manyoya na uzi ili zifanane na wadudu wa majini, waliofungwa hapa hapa Kenya. Trauti walipandikizwa katika mito yetu ya milimani tangu mwaka 1905, na ufundi wa kufunga nzi wa kuwavulia umekua hadi mafundi wa Kenya wakawa wanawauzia wavuvi wa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Nzi aliyekusudiwa trauti humfaa perege pia, mradi awe mdogo. Ninayempendekeza kabla ya wengine wote ni Pheasant Tail wa namba 12 au 14 (namba inapopanda, ndoano hupungua). Alibuniwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, ambaye badala ya uzi alitumia waya mwembamba wa shaba nyekundu ili ule ule unaofunga unyoya uwe pia ndio uzito wa kumzamisha.

Usinunue nzi huyu bila kumjaribu. Ncha ya ndoano iguse ukucha wa kidole gumba: ikikwama papo hapo ni kali, ikiteleza mrudishe. Kisha, ukimpata muuzaji mvumilivu, omba glasi ya maji umtumbukize humo. Aliyefungwa vizuri hukata uso wa maji mara moja, akashuka kichwa kikitangulia, na nyuzi chache za mkia zikatawanyika kidogo. Aliyejazwa manyoya kupita kiasi hubaki juu akielea huku vipovu vya hewa vimemng'ang'ania mwilini. Kasoro hii nimeikuta mara nyingi, nami naamini inatokana na wanunuzi wanaodhani nzi mnene ndiye mwenye thamani. Mabuu halisi ya majini ni membamba, na perege anayajua kuliko sisi. Kwa maji ya kina, chagua mwenye ushanga wa tungsteni kichwani badala ya shaba ya manjano, kwa kuwa tungsteni ni nzito zaidi ya mara mbili kwa ujazo ule ule. Bei inapanda, lakini nzi mdogo anafika chini bila kuhitaji chubwi la kumtisha samaki.

Nzi aitwaye Woolly Bugger, mweusi au wa rangi ya zeituni, anayefanana na buu la kereng'ende, anastahili nafasi ya pili, ingawa madukani amejaa wa namba 6 na 8, ambao perege huwavuta mkia tu na kuwaacha. Tafuta wa namba 10. Mbawakawa wa sponji mwenye miguu ya mpira anafaa jioni, upepo ukitulia na wadudu wakianguka kutoka mitini. Mchana wa jua kali katika maji maangavu simpendekezi.

Wasio na fimbo maalumu ya kurushia nzi, ambao ndio wengi wetu, wasidhani kwamba wamefungiwa mlango. Boya dogo la plastiki angavu linalojazwa maji hurushwa kwa fimbo ya kawaida na kumbeba nzi mbali, akining'inia mita moja na nusu nyuma yake. Naliona boya hilo kuwa ununuzi wenye faida kuliko chombo kingine chochote katika maduka haya. Anayetaka kijiko kinachozunguka achukue Mepps Aglia namba 0, wa gramu 2.5, kutoka katika kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1938. Bati lake huanza kuzunguka hata mshipi ukivutwa polepole, na perege hataki kukimbizwa. Rangi ya fedha ni ya alfajiri. Jua likipanda, rangi ya shaba iliyofifia haimtishi samaki kama zinavyomtisha zile zinazong'aa.

Siwezi kuyasifu masanduku ya vyambo mia vinavyouzwa kwa bei ya kutupa. Lile nililolinunua katika duka moja la katikati ya jiji lilikuwa na ndoano zilizoshika kutu baada ya kulowa mara moja, na rangi ya samaki wa plastiki ilibanduka kwa kukwaruzwa na kucha. Fedha hizo zingetosha kununua nzi wazuri kadhaa na boya juu yake.

Hata nzi mzuri huharibiwa na mshipi mnene. Mshipi wa flurokaboni hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia cha maji kuliko ule wa nailoni, ndiyo maana huonekana kwa shida, tena huzama wenyewe. Kipande cha mita mbili chenye unene wa milimita 0.16 kinatosha. Bahati mbaya maduka mengi huweka unene wa kuvulia sangara, kwa hiyo ulizia mapema kabla ya siku ya safari.

Jambo la mwisho linawahusu wanaofikiria Ziwa Chala, lile la kreta karibu na Taveta, ambalo uangavu wake unawavutia wavuvi wengi. Perege wa asili wa pale, Oreochromis hunteri, hana makao mengine ya asili duniani na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ukimnasa, mwachilie bila kumtoa majini. Jike wa jamii hii hulea mayai kinywani, hivyo ndoano inayong'olewa kwa nguvu inaweza kumwagisha kizazi kizima. Sikuona pakiti yoyote dukani iliyoandikwa kuwa ndoano zake hazina kijino, ile ncha ndogo ya kurudi nyuma inayozuia ndoano isichomoke. Ni lazima ukibane mwenyewe kwa koleo ndogo hadi kilale, kisha upitishe ndoano katika kitambaa cha pamba. Ikitoka bila kuvuta uzi, iko tayari.